Jiwe Halikuongeza Uzito

Mjomba Bixente ameniletea paja lake,
kipande kisichozidi punje ya mchele,
kilichotolewa kwa sindano nene asubuhi ya theluji chafu
hapa Donostia, ghorofa ya nne, chumba kisicho na dirisha.
Alikuwa na ombi moja, kofia magotini:
"Mpwa wangu, nitajie mwizi."

Huyu ndiye aliyeinua jiwe la tufe,
kilo mia na kumi na mbili,
mara kumi na tisa ndani ya dakika kumi,
uwanja wa kanisa ukihesabu kwa sauti,
ukanda mwekundu umembana kiuno kama mzigo wa kuni.
Jumanne iliyopita kifuniko cha chupa ya maharage kilimshinda.
Hakumwita jirani. Aliivunja kwa nyundo,
akaketi kuchambua vigae, mbegu moja moja,
hadi chakula kikapoa.

Nimeigandisha nyama yake,
nimeikata nyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nimeitia rangi. Sasa naisoma.
Nyuzi za haraka, zile za kunyakua na kurusha,
zimesinyaa, zimebanwa pembeni
kama wageni waliochelewa karamu.
Kule kwenye uti wa mgongo neva imekufa bila matanga,
na uzi uliozoea amri yake ukabaki unangoja, unangoja,
mpaka neva jirani, ya mwendo wa pole,
ikauchukua kama yatima
na kuufunza kutembea taratibu.

Na anakula, mjomba! Mayai matatu, jibini ya kondoo.
Leusini inafika mlangoni, inabisha hodi,
lakini wa kuitikia amekuwa mzito wa sikio.
Hodi moja haitoshi tena.
Wajenzi wameketi juu ya matofali, wanapiga soga.
Wabomoaji, wao, hawajapunguza saa za kazi:
protini inagongwa muhuri mdogo, ubikwitini,
inaburutwa hadi kinywani mwa mashine,
inatoka vipande.

Kisha mitokondria, vinu vya usiku na mchana.
Vimechakaa, vinatoa cheche,
na cheche zinaunguza kinu
pamoja na karatasi ya maelekezo ya kuunda kinu kingine.
Hapa niliinua macho kutoka kwenye darubini.
Nilikwenda kunywa maji.

Kwa kijana wa miaka ishirini, kipande cha ukubwa huuhuu,
nilihesabu seli za akiba saba,
zimejilaza ukingoni mwa uzi, sikio moja wazi,
zikingoja jeraha ziamke.
Kwa mjomba nimeona mbili.
Moja imelala usingizi nisioupenda.

Nitamtajia nani?
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
chako, mjomba, hakikuhitaji hata nguo.
Nilimpigia simu nikamweleza hivyo, vibaya, kwa haraka:
hakuna aliyevunja mlango,
ni wenyeji wa nyumba, kila mmoja amechoka kidogo,
na uchovu wa huyu unamfikia yule.

Alinyamaza. Nikasikia kengele za kondoo.
"Basi hata mwizi sina," alisema.

Nikamwambia kuhusu kiti: simama, keti, mara kumi,
asubuhi na jioni, kisha ndoo za maji,
kwa sababu lile sikio zito
husikia vizuri zaidi baada ya kazi.
Sikumwahidi ule uwanja, wala zile sauti.
"Kiti!" alicheka. "Mimi, na kiti!"
Akakata simu.

Hiyo ilikuwa Februari.
Leo ametuma picha, kidole kimefunika kona nzima:
lile tufe uani, lisiloguswa tangu Joakina alipozikwa,
limebingirika. Robo ya mzunguko, labda pungufu.
Upande uliokuwa chini ni mweupe, umelowa,
na jongoo wanaukimbia mwanga.